Makopo Manne ya Balambala

Juzi mjukuu wangu Hodan alikuja hapa Galbet, mtaani kwangu, na simu pana kama sahani, akaketi mbele yangu, akaniuliza kama nakubali sana, nakubali kiasi, sikubali, au sikubali kabisa kwamba Wayahudi ni watu wabaya. Ofisi moja ya Nairobi imemwajiri yeye na vijana wenzake wapime chuki dhidi ya Wayahudi, ipo kiasi gani na inatoka wapi, ili anayetaka kuitibu ajue pa kuanzia. Nikamwuliza majirani zangu walijibu nini.

"Hiyo ni siri ya kazi, Awoowe," akasema, maana kwetu babu huitwa hivyo. "Lakini wale wazee wa barazani niliwauliza pamoja, wakajibu sawasawa wote."

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakanilegea. Hodan akanuna. "Wacha zako, Awoowe. Wewe ulikuwa mtu wa ng'ombe. Mambo ya kupima chuki umeyajulia wapi?"

Basi Hodan, nawe na wenzako mnaozunguka na simu, tulieni niwaambie nilipoyajulia. Ni kweli nilikuwa mtu wa ng'ombe, karani na mkalimani wa ofisi ya mifugo hapa Garissa. Chuki dhidi ya Myahudi niliipima wakati wa vita vya shifta, miaka ya sitini, na mara ya kwanza niliipima vibaya kama ulivyofanya wewe barazani. Mtanisamehe Kiswahili changu. Nikiandika nakumbuka p, nikisema inatoka b, na mke wangu, binti wa Lamu, ananicheka kwa hilo tangu siku ya harusi.

Daktari wetu wa mifugo alikuwa Myahudi, jina lake Emil. Aliletwa Kenya na wazazi wake akiwa mdogo, wakikimbia Ulaya. Watu wetu hawamwachi mtu bila jina la utani, kwa hiyo yeye alikuwa Dheere, yaani Mrefu, maana alipopanda punda miguu yake iliburura mchanga. Madaktari wengine walipangiwa kuja huku kipindi kile wakaugua ghafla, wote, kabla hata ya kufungasha. Yeye alikuja. Kwa hilo tu namshukuru mpaka leo.

Na mimi nilikuwa wapi? Katikati, mahali pabaya. Kwenye kizuizi cha barabara niliitwa shifta, yaani mwasi, kwa sababu ya sura yangu ya Kisomali, na nikifika kijijini niliitwa mtu wa serikali kwa sababu ya kofia yangu. Hakuna aliyenipima. Kila upande ulikuwa na jibu langu tayari. Lakini kijana ni kijana, sikuwaza kwamba nami naweza kumfanyia mwingine vivyo hivyo.

Karibu na mwisho wa vita watu wa pande za Balambala walikuwa wamekusanywa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa miiba, ng'ombe wakitoka asubuhi na kurudi mapema, wamebanana kuliko walivyozoea. Habari ikaja kwamba sotoka imeonekana upande wa juu wa mto, mwendo wa siku chache. Mliozaliwa juzi hamuijui sotoka. Ng'ombe anatokwa na machozi, anaharisha, anakufa, na zizi zima linamfuata. Haina dawa. Ina chanjo tu, na chanjo inataka iwahi.

Tukaenda na msafara wa magari, dawa ikiwa ndani ya sanduku la barafu. Siku ya kwanza tulichanja vizuri. Mimi ndiye niliyeshika koleo. Ng'ombe aliyechanjwa alitobolewa tundu sikioni asije akachanjwa tena, na kutoboa ilikuwa kazi yangu. Ng'ombe mmoja alinipiga teke la paja, nikachechemea wiki nzima. Siku ya pili hakuja hata ndama. Tulikaa pale na sindano zetu zilizochemshwa, inzi wakitutembelea.

Maneno yalikuwa yameenea kijijini. "Dheere ni Yahudi. Amekuja kuwamaliza ng'ombe wa Waislamu." Kwamba ni Myahudi halikuwa siri. Siku tulipofika mzee mmoja alimwuliza kama ni Mkristo, naye akasema hapana, ni Myahudi, na mzee akasema haya, karibu, akaendelea kutafuna kijiti chake cha mswaki. Lakini siku ya pili neno lile lile lilikuwa limeota meno.

Nikaandika habari hiyo kwa mkubwa wetu wa Garissa. Tulimwita Bwana Faili, na mkiambiwa jina hilo hamhitaji kuambiwa zaidi. Akajibu kwa gari lililofuata kwamba anataka kujua ni wangapi wasiomtaka daktari. Kama ni wengi, atamwondoa na kungoja mwingine. Mwingine gani? Miezi ingepita, na sotoka haisomi barua.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Nikaenda kwenye shir, baraza la wanaume, nikasimama na daftari, nikauliza kwa sauti, "Nani hapa hamtaki Yahudi?" Nuur akainua mkono. Nuur alikuwa mzee mwenye sauti, ndugu yake alikufa katika vita vile na ng'ombe wake wengi walipotea. Mkono wake ulipokwenda juu, mikono yote ikaufuata, hata ya mtu mmoja aliyekuwa amesinzia. Nikaandika "wote". Barua ikaenda. Jibu likaja kwamba daktari apande msafara unaofuata, baada ya siku nne.

Nilimpelekea Daktari Emil karatasi ile. Akaisoma, akaikunja vizuri, akaanza kupanga sindano zake sandukuni. Nilitamani anitukane.

Aliyenitukana alikuwa Habo Dahabo. Alikuwa mjane aliyeuza maziwa, dada wa mama yangu kwa ukoo, ndiyo maana nikamwita Habo, yaani mama mdogo, na ng'ombe wake sita ndio waliokuwa chakula cha wajukuu aliobaki nao. Alinikuta nimekaa juu ya debe.

"Umewauliza nini watu?" akasema.

Nikamwambia.

"Mbele ya Nuur?"

"Mbele ya wote, Habo."

"Basi umemwuliza Nuur peke yake, na ukaandika jibu lake mara nyingi. Kijana wa kwetu atampinga mzee hadharani? Wewe mtoto wa mjini, nani alikulea?" Akaketi. "Tena umewauliza neno. Yahudi. Wangapi hapa wamewahi kumwona Yahudi mwingine? Waulize mtu. Waulize Dheere akija nyumbani wakati wa kukamua, watampa nini."

Nilikumbuka aibu yangu ya Bute, kijiji cha kaskazini, mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilimwuliza mzee ana ngamia wangapi, akanijibu, "Alhamdulillahi." Nikauliza tena, akasema tena, "Alhamdulillahi," na mara ya tatu akaondoka. Mtu wetu hahesabu mifugo yake mbele ya mgeni. Nilikwenda Bute na daftari nikarudi na shukrani za Mungu ukurasa mzima. Kumbe sikuwa nimejifunza. Swali baya halikosi jibu, Hodan. Linapata jibu safi kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Basi tukachukua makopo manne ya samli yaliyokwisha. La kwanza lilikuwa la mtu asiyempa Dheere hata maji. La pili lilikuwa la maji, la tatu la chai. La nne lilikuwa la maziwa, na maziwa yenyewe yawe ndani ya dhiil, kile chombo cha nyumba kinachofukizwa moshi, ambacho hapewi mtu usiyemwamini. Kila mwenye nyumba alikuwa kijiwe kimoja. Mimi niliwafuata wanaume mmoja mmoja, huyu akinywesha mtoni, yule akikata miiba ya ua. Habo aliingia kwa wanawake, maana mimi ningeingiaje? Tukauliza mambo matatu tu: utampa nini, nani alikuambia maneno haya, na ng'ombe wako unamhofia nini.

Siku mbili tulizunguka. Ya tatu tukakaa kivulini nyuma ya ghala, mimi, Habo na daktari, tukayatazama makopo.

La maziwa ndilo lililojaa. La chai lilifuata. La maji lilikuwa na vijiwe vichache, na lile la kwanza, la hata maji hapewi, ungeweza kuhesabu vijiwe vyake kwa vidole vya mkono. Nilifurahi nikataka kupiga makofi. Habo akanizuia. "Ngoja. Kama wanampa maziwa, mbona ng'ombe hawaji?"

Jibu lilikuwa katika swali la tatu. Karibu kila mtu alisema jambo lile lile: sikio. Ukoo wa pale Balambala hukata alama yao katika sikio la kulia. Kwetu sisi ni la kushoto. Mimi nilitoboa la kulia, juu ya alama zao, ng'ombe baada ya ng'ombe, wala sikuuliza. Na ilikuwa vita, mifugo ikipotea huku na huku. Mtu anaona alama ya ukoo wake imetobolewa na chuma cha serikali, unadhani atafikiri nini? Atafikiri ng'ombe amekwisha kuwa wa mwingine. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Ilitafuta jina la kujiita, na Nuur, aliyetajwa na karibu wote kwenye swali la pili, akawapa jina lililokuwa karibu.

Kwa hiyo kosa lilikuwa langu, mimi Mwislamu, mtoto wa Garissa, na liliandikwa kwa jina la Myahudi. Nawaambia ukweli, nilifikiri kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Kesi ilikuwa imeshapata mshtakiwa, na mshtakiwa mwenyewe alikuwa anafungasha.

"Daktari," nikasema, "tundu la sikio ni kosa langu."

"Najua," akasema. "Nimejua tangu uliposimulia habari za sikio. Nilikuwa nangoja kama utasema."

Nikajaribu kumfariji. Nikamwambia, unaona, hawakuchukii, ilikuwa sikio tu. Akatikisa kichwa, akanyoosha kidole kwenye kopo la maziwa. "Hawa watanipa maziwa, nawashukuru. Lakini umeniambia wengi wao walirudia maneno yale kuhusu Mayahudi, wakiwa wanatabasamu. Usiyaache kwa sababu mtu ni mwema. Kwetu Ulaya yalirudiwa pia na watu wema, wenye maziwa." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Kule tuliohesabiwa ni sisi. Hapa umewahesabu wanaonichukia. Ni mara yangu ya kwanza kuona, na ninakushukuru."

Mimi ndiye niliyepaswa kushukuru.

Habo alikuwa bado ameshika kijiwe kimoja. Akanipa. "Hiki ni chako," akasema. "Dheere akija kwa mama yako, atapewa nini?"

Nilikuwa nimefanya kazi na mtu huyu zaidi ya mwaka. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni mpaka garini. Na sikuwahi hata siku moja kumpeleka nyumbani kwa mama yangu, hatua chache kutoka ofisini. Nilikuwa najiambia watu watasema nini. Nilikizungusha kijiwe kile mkononi, mwishowe nikakitia kopo la chai, nikiona haya, mbele ya daktari mwenyewe. Waziri wa mambo ya kupima chuki kijiji kizima, na mwenyewe hakujipima. Habo ndiye aliyeniita hivyo, na aliniita hivyo mpaka alipokufa, Mungu amrehemu.

Msafara ulipofika siku ya nne, Bwana Faili alikuja nao mwenyewe. Nikampeleka kwenye makopo nikamweleza kila kijiwe. Alisikiliza muda mrefu. "Barua yako ya kwanza ilisema wote," akasema.

"Ilikuwa ya uongo, bwana. Sikujua kuuliza."

"Na haya makopo nitayaweka katika faili gani?" Lakini akamwambia dereva ashushe sanduku la daktari, lililokuwa limeshapakiwa. Nimewacheka wakubwa wengi maishani mwangu, huyo namwekea heshima. Mtu anayekubali kubadilisha karatasi yake ni adimu.

Tukawa sasa tunajua ugonjwa, kwa hiyo tulijua na dawa. Si dawa moja, Hodan, shika hilo. Kwa wenye hofu ya sikio nilisimama kwenye shir, mahali pale pale, nikasema, "Mkono uliotoboa ni huu. Daktari hakuhusika." Wazee wakanitoza faini ya majani ya chai na sukari, wakaninywea pale pale nikitazama, na tangu siku hiyo tukaacha koleo tukatumia rangi ya buluu kwenye pembe. Kwa wale waliorudia maneno wakitabasamu, sheikh wa kijiji aliyajibu mwenyewe kwenye hotuba ya Ijumaa. Akawauliza ni kitabu gani kilichowafundisha kumsingizia mtu asiyewakosea, tena mgeni wao, tena wa Ahlul Kitabu, watu waliopewa Kitabu. Hakupiga kelele. Watu walitazama mikeka. Na kwa wale wachache wa kopo la kwanza, daktari alikataa mkutano. Alisema mtu mwenye chuki ukimweka mbele ya watu utamlazimisha aishike zaidi. Tuwaendee mmoja mmoja.

Ng'ombe walikuja, wakajaa mpaka vumbi likatuziba. Habo Dahabo alikuwa wa kwanza na sita wake. Sotoka ilipofika baadaye ilipita kando ya kijiji kile, na wajukuu wa Habo walikua kwa maziwa yale. Mmoja wao alinisalimu msikitini juma lililopita, mzee mwenye mvi, na nikawakumbuka ng'ombe wale sita na pembe zao za buluu.

Na mama yangu? Tuliporudi Garissa nilimpeleka daktari nyumbani. Mama hakuuliza ni nani. Alimpa dhiil mkononi, akanigeukia mimi akasema kwa Kisomali, "Mwaka mzima umemficha mgeni wangu?" Kofi lingeniuma kidogo kuliko hilo.

Lakini nimeruka. Kabla hatujaondoka Balambala alibaki mtu mmoja. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa na buluu kwenye pembe isipokuwa wa Nuur. Alikuwa amebakiwa na wachache baada ya vita kuwala wengine, na watoto wake walikuwa wadogo. Sotoka ingewapata wale, nyumba ile ingekwisha. Nilimwambia daktari tumwache, amejitakia mwenyewe. Akabeba sanduku, akatembea. Jua lilikuwa la saa saba.

Nuur alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake. Hakuinuka. Akaniambia, "Mtafsirie. Mwambie siwapendi watu wake, na sheikh hatanibadilisha."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Hodan, namshukuru hata Nuur. Alisema usoni alichokuwa nacho. Chuki ya namna hiyo angalau unajua uiweke kopo gani.

Daktari akasema, "Mwambie sikuja kupendwa. Sotoka iko mtoni."

Ndani ya nyumba mtoto alikuwa analia, na mkewe akambembeleza kwa wimbo mdogo. Kisha Nuur akasema, "Sikio asiguse."

"Pembe tu," nikasema.

Akaelekeza zizi kwa kidevu. Tuliwachanja wote, yeye amesimama nyuma yetu, akikagua kila pembe. Tulipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha daktari mgongo mzima. Hakuomba kitu. Alifunga sanduku, akageuka kuondoka. Nyuma yetu nikamsikia Nuur akimwita binti yake. Msichana akatoka na kikombe cha bati, akasimama, akamtazama baba yake kama hakusikia vizuri.

"Mpe," Nuur akasema.

Yalikuwa maji. Daktari aliyanywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, na Nuur akaingia ndani bila kuaga. Nilipofika ghalani nilikitoa kijiwe chake katika kopo la kwanza, nikakitia la pili.